Tanuri na Daraja

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Nakusalimu wewe, namsalimu wifi yangu, na huyo mtoto anayeota meno mpige busu la shangazi kwenye kila jino. Natumaini barua hii inawakuta wazima, mmekula mmeshiba, na kile kikohozi chako kimeshahamia kwa mtu mwingine. Mimi sijambo. Mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba cherehani si mto wa kulalia, lakini kazi zipo na mikono ipo, sina la kulalamika. Baba naye yupo, anakula vizuri na anagomba vizuri. Masikio ndiyo yamekataa. La kushoto lilishakufa, unajua. La kulia linasikia mlango ukibamizwa tu, na hata hapo anauliza ni nani anayegonga taratibu hivyo.

Utajiuliza kwa nini dada ameandika barua wakati simu anayo. Sikupiga kwa sababu kwenye simu una tabia ya kunikatiza, na nikikutumia ujumbe wa sauti unaufungulia mezani, wifi asikie, majirani wasikie. Haya si ya majirani. Kaa chini, usome mpaka mwisho, na usianze kucheka kabla sijamaliza, maana nakujua.

Nianze na furaha yako. Tangu useme unakuja mwisho wa mwezi, nyumba hii haina amani. Baba amefagia uwanja mpaka udongo umeona haya. Amehamisha godoro lake chumbani kwako, yeye analalia la zamani lenye shimo katikati, na nilipomwambia mgongo wake hauna miaka ishirini alijifanya hakuona midomo yangu. Gereji nako ni hivyo hivyo. Mtu anakuja kuulizia mlango wa gari lake uliobonyea, anaondoka anajua wewe unakuja, anajua unakuja na nani na utakaa siku ngapi, ila mlango wake utatoka lini hajui. Fundi wa matairi wa pale jirani siku hizi akimwona Baba anavuka barabara, anaingia chini ya lori hata kama lori halina shida.

Mimi, ndugu yangu, sijafagiliwa uwanja hata siku moja. Ni kweli sijawahi kwenda mahali nikarudi. Tangu Mama atutoke tuko wawili humu ndani, mimi na yeye, asubuhi tunakwenda gereji pamoja, jioni tunarudi pamoja. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi nyoka wa nyumba hii hajausikia huo msemo.

Usinielewe vibaya. Baba ananipenda, sisemi hanipendi. Cherehani yangu ikigoma ananibebea mwenyewe, na kiti ninachokalia kazini alikichomelea kwa mkono wake, akakipima kwa urefu wangu. Lakini ananipenda kama mtu anavyoupenda mguu wake: anautegemea kutwa, haulizi una maoni gani.

Unakumbuka ilivyokuwa. Yeye ananyoosha bodi za magari upande wa mlangoni, mimi nashona viti vya magari pale kona, na juu ya rafu ile mashine ya santuri na spika mbili zenye vumbi. Alikuwa anawapiga Wazee wa Nywele, ile bendi ya kigeni, kutwa nzima kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, ni wao tu walioweza kushindana na nyundo. Bendi nyingine zote zilikuwa zinanyamazishwa na kazi, lakini gitaa la wale watu lilipita juu ya nyundo likamfikia. Majina ya albamu zao hayakutamkika vinywani mwetu, tukaziita kwa picha za jalada. Kulikuwa na Kiatu, ile ya kwanza, wakiwa bado wachanga. Kulikuwa na Tanuri, lenye moto. Kulikuwa na Daraja, walipoanza kuweka kinanda. Halafu ile ya mwisho, waliponyoa nywele na kuvaa suti, ambayo Baba aliiita Aibu na hakuipiga zaidi ya mara moja.

Wewe ulikuwa bado hujafika hata kimo cha tairi la lori. Baba alikuweka juu ya tairi hilo hilo, akazima nyundo, akakuuliza kama mtu mzima: Tanuri au Daraja? Ukasema Daraja. Ulisema kwa ubishi tu, kwa sababu yeye alishasema Tanuri. Weee! Alicheka mpaka tukaliona jino la mwisho. Akakubeba mabegani, akazunguka nawe gereji nzima akiwaambia mafundi kwamba amepata mpinzani. Ningekuwa mimi nimembishia, ningeambiwa nina mdomo. Siku hiyo mimi niliomba kushika jalada la Tanuri, nikaambiwa nitalichafua, mikono yangu ina vumbi la sponji. Yako ilikuwa na jamu mpaka kwenye kiwiko, na wewe ukapewa.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo mila ya nyumba hii. Baba na wewe mnagombana kuhusu Tanuri na Daraja mkila, mkioga, mkisukuma gari bovu. Nyinyi mnacheka, mimi nakusanya vyombo. Ukakua hivyo, ukaondoka, ukaoa, na ubishi ukaendelea kwenye simu. Miaka yote hiyo nimekaa kwenye ile kona, muziki ule ule ukiingia masikioni mwangu, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi ni wa albamu gani. Hata fundi wa matairi aliulizwa.

Masikio ya Baba yalipoziba nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba zamu yangu imefika. Haikufika. Baba aliamua kwamba wewe utume ujumbe wa sauti kila Ijumaa, mimi niusikilize, halafu nimwandikie. Unaijua ile boneti nyeusi ya teksi iliyoegemea ukuta nyuma ya nyumba, ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua? Huo ndio ubao wetu. Ijumaa akitoka kazini anaoga, anavaa shati lenye kola, anakaa kwenye kiti cha gari nilichomshonea, na kunisubiri na chaki. Mimi naandika ulichosema. Yeye anasoma, anasimama, anakujibu kwa sauti ambayo mtaa wote unaisikia isipokuwa yeye. Kwenye simu hataki kuongea, anasema hawezi kuzungumza na kitu asichokisikia kikimjibu. Ndiyo maana wewe ulikuwa unapata kutoka kwangu maneno mawili tu, kwamba Baba amekasirika au Baba anasema u mbishi.

Mwanzoni ulituma maneno marefu, sikudhulumu. Boneti ilijaa, nikaandika mpaka kwenye pembe. Halafu yakaanza kupungua. Halafu ukaja ujumbe huu tu: Daraja ni Daraja, mwambie nitamtafuta. Halafu Ijumaa moja hakikuja kitu kabisa. Baba alikuwa ameshaoga. Alikaa na lile shati lake, anatazama boneti tupu, kisha ananitazama mimi, kisha boneti. Nikamwambia kwa mikono kwamba bado. Akasema mtandao siku hizi ni mbovu sana. Mtu asiyejua hata kuwasha simu anautetea mtandao kwa ajili yako!

Basi nikachukua chaki. Juu kabisa nikaandika kwamba haya ni ya kwangu, mimi, si ya mdogo wangu. Nikamwandikia kuhusu Tanuri, upande wa pili, wimbo wa pili. Pale mwanzo gitaa linaingia kabla mpiga dramu hajawa tayari. Walikosea, na badala ya kurudia wakaliacha. Mimi nalijua kosa hilo kwa mguu, maana kila wimbo ulipofika hapo mguu wangu ulikurupuka kwenye pedeli ya cherehani na mshono ukaenda upande. Kuna watu wanaendesha magari mjini wamekalia kosa la Wazee wa Nywele na hawajui. Nikamwandikia kwamba kosa hilo ndilo linalofanya wimbo uwe hai, na kwamba Daraja halina kosa hata moja, ndiyo maana limelala.

Nikasogea pembeni. Baba akasoma. Akatabasamu vile anavyomtabasamia mtoto wa jirani akimletea mchoro wa gari. Akasema asante, mwanangu. Kisha akainuka, akafuta boneti yote kwa kiganja, akaniuliza kama simu ina chaji, isije ikawa ujumbe wako umekwama.

Nilienda jikoni nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Sasa nikupe habari zako mwenyewe. Huku umekuwa mtu mkubwa. Baba anakusifu kwa kila anayekuja. Anamwambia fundi wa matairi kwamba utoto umekutoka, kwamba zamani ulikuwa mbishi wa mdomo na sasa umekuwa mbishi wa masikio. Anasema hajapata kusikia mtu akilitetea Daraja namna hiyo. Anasimulia jinsi ulivyomwambia kwamba mwimbaji katika Daraja anavuta pumzi kabla ya ubeti wa mwisho kama mtu anayetaka kuinua mzigo, na kwamba pumzi hiyo ni tamu kuliko ubeti wenyewe. Anasimulia ulivyosema kwamba kinanda hakikuja kuua gitaa, kilikuja kulipatia mahali pa kukaa. Siku hiyo alikujibu mpaka sauti ikamkauka, nikamletea maji. Anasema bao la kinanda amekupa, ila Tanuri liko palepale.

Na juzi alinikalisha. Aliniambia amekata shauri. Yeye santuri hazimfai tena, anaweka sindano na kutazama duara likizunguka tu, na hiyo si kusikiliza, ni kuchunga. Ukija atakupa zote, na mashine, na spika. Alisema, na hapa naandika alivyosema, kwamba masikio yake hayakufa, yamehamia kwako. Aliniomba nishone begi zuri la sponji la kuzibebea, zisigongane njiani. Kisha akanipigapiga begani na kusema najua kushona.

Najua hapa umekunja uso. Unajiuliza pumzi gani, kinanda gani, lini ulisema hayo. Hukusema. Hukusema hata moja. Ni mimi.

Ijumaa iliyofuata ile ya kufutwa, ulituma kwamba una kazi nyingi, tutaongea. Baba tayari alikuwa kitini. Nikaandika jina lako juu ya boneti. Chini yake nikaandika: Baba, Tanuri lako lina kosa. Upande wa pili, wimbo wa pili, gitaa linakurupuka kabla ya dramu. Daraja langu halina kosa. Ni jambo lile lile, mdogo wangu, chaki ile ile, mwandiko ule ule. Nililigeuza tu likawa shutuma, kwa sababu wewe ni wa Daraja.

Baba aliruka. Nakuambia aliruka, yule mzee wa magoti mabovu. Akaipiga boneti ngumi, akapaza sauti kwamba kosa hilo ndilo linalofanya wimbo uwe hai, na kwamba Daraja halina kosa, ndiyo maana limelala! Neno kwa neno. Alinirudishia maneno yangu aliyoyafuta kwa kiganja chake wiki moja tu nyuma, akidhani ameyatunga yeye kukujibu wewe. Kisha akakaa, akafuta machozi ya kucheka, akaniambia niangalie mtoto yule alivyo na masikio.

Unajua wivu nilioupata? Wivu wa kawaida naujua, nimeishi nao tangu uzaliwe, tumezoeana. Huu ulikuwa mpya. Nilikuonea wivu wewe ambaye hukuwepo, kwa maneno ambayo hukuyasema, kwa sifa nilizozitengeneza kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitamani nikupigie simu nikutukane, nikakosa kosa la kukutukania.

Na sikuacha. Hilo ndilo la aibu. Nilianza kuvaa visikilizi kazini, nasikiliza Daraja asubuhi mpaka jioni nikitafuta cha kulitetea, nikishona viti vya watu. Ujumbe wako ulipokuja, mara nyingine niliusikiliza nikauweka pembeni. Nisamehe, ulikuwa mwepesi. Kila Ijumaa nilikuwa wewe. Baba alikuwa ananitazama usoni, ananijibu, ananibishia, ananinyooshea kidole, anacheka nami, na jina lilikuwa lako. Nilipata kitu nilichokitaka maisha yangu yote na sikuruhusiwa kukipokea. Na kibaya zaidi, Daraja silipendi! Mimi ni wa Tanuri. Nimekuwa wa Tanuri tangu siku ile ya jamu. Kila alipolitetea Tanuri nilitaka kutupa chaki nimwambie Baba, ndiyo, hapo hapo, mimi na wewe tuko pamoja. Badala yake nilipangusa ubao nikatafuta hoja ya kumpinga, maana akikubaliwa ubishi unaisha, na ubishi ukiisha ananiuliza kama chai iko tayari.

Utasema si ningemwambia. Nimwambie nini? Kwamba mwanao hana muda, aliyekuwa anakufurahisha kila Ijumaa ni huyu anayekushonea viti? Nitamvunjia furaha yake ili mimi nipate yangu. Na kusema kweli, kiburi nacho kipo. Sitaki kujitangaza. Nilijitangaza mara moja, nikafutwa.

Kwa hiyo nilikaa kukuandikia majibu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya barua hii. Siku utakayofika atakukalisha mbele ya boneti kabla hata hujanywa maji, atakuuliza kuhusu pumzi ya mwimbaji, kuhusu kinanda, kuhusu kosa, na nilitaka uwe umejiandaa asije akaumbuka mbele ya fundi wa matairi, ambaye amealikwa. Niliandika kurasa mbili. Wimbo gani, upande gani, ujibu hivi, akisema vile useme hivi. Nilikufundisha hadi mahali pa kucheka. Kisha nikazisoma tena, nikaona ninakushonea nguo kwa ngozi yangu. Nimezichana.

Santuri chukua. Sisemi kwa uchungu, chukua zote, na mashine, na hata Aibu. Begi nimeshalishona na ni zuri. Nyimbo zile ziko mguuni mwangu, hakuna wa kuzibeba. Ninachotaka ni swali moja tu, lile Baba alilomuuliza kila mtu: Tanuri au Daraja?

Basi njoo. Njoo bila majibu. Akikuuliza, usidanganye na usinitetee, maana ukianza kueleza atakutazama wewe tu, na utaeleza vizuri, na sifa zitakuwa zako tena. Nyamaza. Geuka unitazame mimi, uendelee kunitazama mpaka naye ageuke aone unamtazama nani. Chaki nitakuwa nimeishika.

Msalimie wifi, mwambie kitambaa cha maua alichoagiza nimekipata na nitampa mkija. Mtoto mvalisheni vizuri njiani, asubuhi huku kuna baridi. Baba anakusalimu, hajui kama naandika, yuko uwanjani anafagia tena. Safari njema, na Mungu awafikishe salama.

Ni mimi dada yako,

mtu wa Tanuri.